Salum Abdallah siyo "zilipendwa", ni mtunzi mwenye jina

Leo naomba tuongee kuhusu neno moja ambalo mimi linanikera sana: zilipendwa.

Hebu lisikilizeni vizuri. Kitenzi kiko wakati uliopita, halafu kimetendewa kazi na mtu asiyetajwa. Nani alizipenda? Hatuambiwi. Nani aliziimba? Hatuambiwi. Zilipendwa, basi, imetoka. Ukiwasha redio unasikia wimbo wa miaka ya 60, unafuata wa 1978, unafuata wa 1985, zote zimetupwa kapu moja kama mitumba. Mtu anasema "aah, hizi ndizo nyimbo", anatikisa kichwa, anaendelea na chai yake. Muulize sasa huyo anayeimba ni nani. Kimya.

Mi naona mtu anayeumia kuliko wote kwenye hilo kapu ni Salum Abdallah wa Morogoro. Na naona sisi tunaosomea ualimu ndio tunaoweza kumtoa humo.

Kwa ambao hawamjui: Salum Abdallah Yazidu, wengine walimwita SAY kwa herufi za majina yake, alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Morogoro ya enzi zile ilikuwa na reli ya kati na mashamba ya mkonge. Maana yake kulikuwa na watu wa mshahara, na penye mshahara Jumamosi lazima pawe na dansi. Morogoro Jazz ilishaanza tangu 1944. Salum akaanzisha bendi yake mwaka 1948, akaiita La Paloma, kwa jina la wimbo maarufu uliotungwa na Mhispania, Sebastián Iradier, karne ya 19. Baadaye bendi yake ikaja kujulikana kama Cuban Marimba Band, na kwa jina hilo ndiyo ikavuma.

Mtauliza, Cuba na Morogoro wapi na wapi? Jibu ni santuri. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilikuwa inatoa santuri za muziki wa Cuba kwa ajili ya soko la Afrika. Kila santuri ilikuwa na namba inayoanza na herufi GV, na watu wakaziita hivyo hivyo, GV. Zilienea kuanzia Kongo hadi pwani yetu. Kwa hiyo kijana wa Morogoro aliweza kujifunza rumba bila kupanda meli. Alisikiliza, akashika mdundo, akaweka Kiswahili juu yake.

Hapa ndipo huwa nabishana na jamaa zangu wa hosteli. Wanasema "huyo si alikuwa anaiga tu Wakuba". Sasa jamani, bongo fleva ilitoka Mvomero? Ilichukua midundo ya Wamarekani, ikaweka maneno yetu na shida zetu, leo tunaiita yetu na hakuna anayeshangaa. Salum alifanya jambo hilo hilo nusu karne kabla. Rumba, cha-cha-cha na bolero vilipita mikononi mwake vikatoka vikizungumza habari za mapenzi, ulimwengu, Mungu na siasa za nchi inayotafuta uhuru. Kuiga mdundo siyo dhambi, la kuuliza ni umeutumia kusema nini.

Tuje kwenye kurekodi kwenyewe, maana ndiko kwenye kisa. Msanii wa siku hizi anarekodi chumbani kwa mshkaji mwenye kompyuta. Zamani ilikuwa safari. Siti binti Saad ilibidi avuke bahari hadi Bombay mwaka 1928 ndipo sauti yake iingie kwenye santuri. Kizazi cha Salum walau kilikuwa na wafanyabiashara wa karibu zaidi. Yeye santuri zake zilitoka kwa lebo ya Mzuri, iliyokuwa ya Assanand and Sons, duka la muziki la Mombasa. Fikirieni hilo: mwimbaji wa mji wa bara Tanganyika, mdundo wa Havana, lebo ya mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyeko Mombasa, na wasikilizaji wametapakaa Afrika Mashariki nzima. Na sisi tunadhani utandawazi umeletwa na simu.

Santuri za wakati ule za mizunguko 78 zilibeba kama dakika tatu tu kila upande. Kwenye dansi bendi inaweza kuzungusha wimbo mpaka watu walowe jasho, lakini mbele ya kipaza sauti cha kurekodia una dakika tatu, ukizidisha unakatwa. Kwa hiyo tunachosikia leo siyo dansi lenyewe la Morogoro usiku wa manane, ni muhtasari wake. Hata hivyo muhtasari huo una mwanzo, kati na mwisho. Ukimpa mwanafunzi wa kidato cha tatu achambue muundo wake, ana kazi ya kipindi kizima.

Redio nayo ilimbeba. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na muziki wa bendi za humu nchini ukapata njia ya kumfikia hata mtu asiye na gramafoni. Mwaka 1965 kituo kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka huo huo Salum Abdallah akafa kwa ajali ya gari. Hata miaka 40 hakuifikisha. Cuban Marimba ikachukuliwa na Juma Kilaza, ikaendelea kupiga, lakini sauti ya mwanzilishi ikawa imefungiwa kwenye santuri na mikanda.

Halafu sikilizeni hii. Mkusanyiko wa nyimbo zake ambao wapenzi wengi wa muziki duniani wanaujua, *Ngoma Iko Huku*, una nyimbo za 1955 hadi 1965. Ulitoka kwenye CD mwaka 2000, na waliotoa ni Dizim Records, lebo ya Ujerumani. Mimi siwalaumu Wajerumani hata kidogo, nawashukuru. Walitafuta, wakasafisha, wakaandika majina na miaka. Kinachonichoma ni kwamba kazi ya kuandika jina haihitaji mashine ya milioni mia. Inahitaji kalamu na mtu anayejali.

Kuna la sheria pia. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Pigeni hesabu: 1965 jumlisha 50 ni 2015. Kwa hesabu hiyo tungo za Salum Abdallah zimeshatoka kwenye ulinzi wa mapato. Anayetaka kuzirudia, kuzichanganya, kuziweka kwenye tangazo la sabuni, tungo zenyewe hazidaiwi tena. Biashara ya santuri enzi hizo mara nyingi ilimlipa mwanamuziki kwa mkupuo tu. Sasa kama hela haidaiwi tena, deni lililobaki ni moja, jina lake. Nalo tukilila, tutakuwa tumemla mpaka mifupa.

Najua kuna watakaosema wimbo ni mali ya jamii, jina la nini? Hiyo ni kweli kwa wimbo wa kutwanga au wa jando, ambao hakuna anayejua aliyeuanza. Salum siyo hivyo. Mlinganisheni na Shaaban Robert. Huyo alifariki 1962, Salum 1965. Wote wawili walitumia Kiswahili kuwaambia watu wa nchi moja katika kipindi kimoja mambo ya maisha. Mmoja tunamsoma tangu shule ya msingi, tunajua kazaliwa wapi na kaandika nini. Mwingine tunacheza wimbo wake harusini na hatujui hata alipotokea. Tofauti ni kwamba mmoja alichapwa kwenye karatasi na mwingine kwenye santuri.

Na santuri inafundisha, wala msibishe. Chukueni wimbo wake unaoitwa *Wanawake Tanzania*. Jina "Tanzania" lilianza kutumika rasmi mwishoni mwa Oktoba 1964, na mtunzi kafa 1965. Basi wimbo ni wa ndani ya kipindi hicho kifupi, nchi ikiwa bado inajifunza kulitamka jina lake. Mwanafunzi anayeweza kufika hapo kwa kutumia jina la wimbo peke yake kashajifunza historia, Kiswahili na namna ya kufikiri kwa mkupuo.

Kwa hiyo mimi naomba mambo matatu tu, na hayagharimu hata nusu ya boom.

Moja, ukituma wimbo wa zamani kwenye grupu, andika mwimbaji, bendi, na mwaka kama unaujua. "Zilipendwa nzuri sana hii" siyo taarifa.

Mbili, tukienda mazoezi ya kufundisha, kwenye mada ya nyimbo katika fasihi, tupeleke walau wimbo mmoja wa dansi wenye jina la mtunzi. Watoto wachambue dhamira na lugha kama wanavyofanya kwenye diwani.

Tatu, likizo hii ukienda nyumbani, muulize babu au bibi kama kuna santuri kwenye sanduku. Usizitupe, na usizikwangue. Ile karatasi ya duara katikati kwa kawaida huwa na jina la wimbo, mwimbaji, lebo na namba. Ipige picha. Kwa namba hiyo wanaojua kazi wanaweza kukisia ilitoka lini. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha wimbo.

Mwalimu wa zamu aliyemsahau mwanafunzi kwenye orodha anaambiwa arudie kuita majina. Na sisi turudie, tuanze na Salum Abdallah.

Naomba kuwasilisha.