Kazi Siyo ya Ndugu, ni ya Anayeiweza

Mwezi huu tunazungumzia neno linalosemwa sana bombani na kwenye foleni ya mgao: "Kazi za hapa ni za kujuana tu!"

Tuanze kwa kujisema wenyewe. Hapa Nyarugusu sisi Wakongo tulianza kufika mwaka 1996, Warundi wengi wakaja 2015. Basi tulipotafuta watu wanne wa kugawa kijarida hiki, tulichukua tuliowazoea: wote Wakongo, wote wanaume, wote jirani zetu. Nia mbaya hatukuwa nayo. Lakini miezi miwili haijaisha, majirani Warundi wakauliza, "Kwani sisi kijarida chetu kiko wapi?" Wagawaji hawakujua Kirundi, kwa hiyo kule walikuwa wakipita haraka haraka.

Tukaanza upya. Tukabandika tangazo kwenye mbao zote, kwa Kiswahili na Kirundi. Kila aliyekuja alipewa jaribio lile lile: asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha amweleze mtu asiyejua kusoma. Aliyepima hakuuliza jina la baba wala kabila. Aliyeongoza ni mama mmoja ambaye vyeti vyake vilipotea njiani wakati wa kukimbia. Tungedai vyeti kwanza, tungemkosa.

Jamani, kazi siyo mahindi ya mgao, kwamba kila kabila lipimiwe lake. Kazi inataka anayeiweza. Lakini kama tangazo limefika kwa familia tatu tu, tutajuaje nani anaiweza kuliko wote?

Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1958, unapinga kumbagua mtu kazini kwa rangi, jinsia, dini, siasa, taifa au asili yake. Ila unasema pia kwamba sifa inayodaiwa na kazi yenyewe siyo ubaguzi. Mkalimani wa Warundi ajue Kirundi, sawa. Lakini mlinzi wa bomba adaiwe diploma ya nini?

Wewe unayechagua watu, ndugu yako akiomba kazi, ondoka mezani, wengine wapime. Wewe uliyekosa, uliza kwa heshima ulipungukiwa wapi. Na watoto tuwaambie ukweli: wengi wetu tulikimbizwa na maneno ya "huyu wetu, yule siyo wetu." Mbegu hiyo tusiipande tena hapa.

Tukutane mwezi ujao.