Kuteleza si kuanguka: kaunta yako inakudanganya

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo nataka tuzungumzie programu nyingine, ile niliyoifuta kwenye simu yangu Jumamosi moja asubuhi, nikiwa na hasira na vidole vinanuka sigara.

Wanaonijua wanajua nilikuwa mvutaji. Nilianza mwaka wa pili chuoni, wakati wa zile kesha za kumalizia kazi za darasa, nikaendelea miaka 7. Sigara 10 hivi kwa siku. Mwaka huu nikasema basi. Nikanunua vepu, yaani sigara ya kielektroniki. Kwa ambao hawajawahi kuifungua: ni betri, koili ndogo inayopata moto, na majimaji yenye nikotini yanayogeuka mvuke. Hakuna kinachoungua, na hiyo ndiyo tofauti kubwa, kwa sababu lami na gesi ya kaboni monoksaidi hutokana na kuungua kwa tumbaku.

Pia nikapakua programu ya kuhesabu siku. Kila asubuhi inakupa namba kubwa ya kijani. Siku 1. Siku 2. Nilifika siku 41.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na tulikuwa tumepandisha toleo jipya la mfumo wa mteja saa kumi na moja jioni. (Ndio, Ijumaa jioni. Msinianze.) Saa mbili usiku malipo yakaanza kukataa. Saa nne stima zikapotea mtaa mzima. Laptop ilikuwa na asilimia 30, na vepu ilikuwa imekufa kabisa. Chaja ninayo, stima sina. Nikashuka hadi kibandani, nikanunua sigara moja. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 hairuhusu sigara kuuzwa mojamoja, lakini sote tunajua mambo yalivyo vibandani.

Sigara ile haikuwa tamu hata. Nikarudi, tukarekebisha mfumo, nikalala saa tisa.

Asubuhi nikafungua ile programu, na kwa kuwa mimi ni mtu mkweli nikabonyeza "nimevuta". Namba ikaruka kutoka 41 hadi 0. Rangi nyekundu. "Anza upya."

Sasa fikiria kama mtu wa hesabu. Ukiwa na 41, sigara moja inakugharimu siku 41. Ukiwa na 0, sigara ya pili inakugharimu nini? Hakuna! Na ya tatu? Bado hakuna. Nikaenda dukani nikanunua pakiti ya 20. Jumapili jioni ilikuwa tupu.

Kwa maoni yangu, hiyo sifuri ni hitilafu ya muundo, na inarudisha watu wengi kwenye sigara kuliko stima zinazopotea.

Jambo hili si geni. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Marekani, G. Alan Marlatt, akiwa na mwenzake Judith Gordon, walitoa kitabu kuhusu kuzuia kurudia uraibu. Walieleza kwamba mtu aliyejiwekea sharti la "kamwe" akiteleza mara moja, hujihukumu: mimi ni dhaifu, sina nguvu ya kuacha. Hukumu hiyo ndiyo inayogeuza sigara moja kuwa pakiti. Walitenganisha kuteleza na kurudia kabisa. Wazee wetu walishalisema kwa maneno matatu: kuteleza si kuanguka. Yule aliyeandika msimbo wa ile programu hakuwasikia wazee.

Na kuteleza ni kawaida sana. Kati ya wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, tafiti zinaonyesha ni watu 3 hadi 5 tu kwa kila 100 wanaokuwa bado wameacha baada ya miezi 6 hadi 12, na wengi hurudi ndani ya siku 8 za kwanza. Vepu husaidia lakini haifanyi miujiza. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, wenye washiriki 886, ulikuta asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara baada ya mwaka mmoja, wakati waliopewa vibandiko na bidhaa nyingine za nikotini walikuwa asilimia 9.9. Karibu mara mbili, vizuri sana. Lakini piga hesabu ya upande wa pili: asilimia 82 hawakufaulu kwa mara hiyo. Ukitengeneza chombo kinachomchukulia mtu aliyeteleza kama kosa la ajabu, umekitengenezea watu wachache.

Wacha niseme kwa nini jambo hili linaniuma. Mzee wangu alivuta maisha yake yote. Nikiwa mdogo aliacha mara mbili. Mara ya pili alikaa miezi minne, kisha akavuta moja kwenye matanga ya kaka yake. Tangu siku hiyo ukimwambia habari ya kuacha alijibu vilevile: "Nilijaribu. Mimi si mtu wa kuacha." Miezi minne yote aliifuta kichwani mwake kwa sigara moja. Hakujaribu tena, na mapafu yake hayakungoja. Yeye hakuwa na programu yoyote kwenye simu. Kaunta yake ilikuwa kichwani, nayo pia ilirudi sifuri.

Jumapili ile nikiwa na pakiti tupu mkononi, nilijisikia nikisema maneno yake yaleyale. Nikaogopa.

Kazini kwetu, seva ikianguka hatufuti mradi mzima tukaanza kuandika upya. Tunakaa chini na kuuliza maswali matatu. Nini kilitokea? Kwa nini kilitokea wakati huo? Tubadilishe nini kisirudie? Na kuna kanuni: hatutafuti wa kulaumiwa, kwa sababu anayeogopa kulaumiwa huficha logi. Nikafanya hivyo kwa sigara zangu. Jibu halikuwa "sina nidhamu". Jibu lilikuwa: betri moja, haina ya akiba, na usiku wa shinikizo. Ni mhandisi gani anaweka mfumo muhimu juu ya betri moja?

Nikabadilisha mambo haya:

1. Vifaa viwili. Kimoja mfukoni, kimoja kwenye begi, pamoja na koili mpya na pawabanki. Koili ikiungua ladha inakuwa ya moshi mchungu, na hapo ndipo sigara inapoanza kukuita.

2. Nguvu ya nikotini. Nilianza na majimaji hafifu nikidhani nafanya vizuri. Kumbe najinyima! Sigara hufikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde chache tu. Ukiweka kidogo mno kwenye vepu, hamu haiishi. Angalia namba ya mg/ml kwenye chupa. Ulaya kikomo ni 20. Pia vuta polepole na kwa muda, usivute haraka haraka kama sigara.

3. Logi. Kila nikipata hamu naandika saa, mahali, na nilikuwa na nani. Baada ya wiki tatu niliona mambo mawili yanajirudia: kupandisha toleo jipya, na chupa ya pili ya bia. La kwanza nilihamishia Jumanne asubuhi. La pili… bado tunajadiliana.

4. Kaunta mpya. Niliiandika mwenyewe, mistari 60 tu ya msimbo. Haina sifuri. Inaonyesha siku safi kati ya siku zote.

Najua kuna atakayesema: "Ukimwondolea mtu sifuri umempa ruhusa. Atavuta moja kila Ijumaa akisema ameteleza." Hoja hiyo ina uzito, na mimi mwenyewe niliiwaza. Ndiyo maana logi iko pale. Ukiteleza mara tatu mahali pamoja, huko si kuteleza tena, hiyo ni ratiba. Na usijidanganye kwamba kuchanganya vepu na sigara chache ni ushindi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta hata sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvuta 20. Lengo linabaki sifuri ya sigara. Ninachokataa ni sifuri ya historia yako.

Na nisieleweke vibaya kuhusu vepu. Kama hujawahi kuvuta, usianze. Nikotini ni uraibu vilevile, na Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri vepu kama njia ya kuacha. Mwaka 2023 liliomba nchi zizidhibiti kwa haraka, hasa kwa ajili ya watoto. Usinunue majimaji usiyojua yametoka wapi: mwaka 2019 Marekani watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufariki kwa maradhi ya mapafu, hasa kutokana na majimaji ya bangi yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Na katika utafiti ule wa Uingereza, 8 kati ya 10 walioacha sigara kwa vepu walikuwa bado na vepu mwaka ukiisha. Kwa hiyo vepu pia nitaiacha, nashusha nguvu ya majimaji kidogo kidogo. Vibandiko na chingamu za nikotini zipo pia, na ukitaka kuongea na mtu, NACADA wana namba ya bure, 1192.

Haya, namba zangu za leo. Siku 162 safi kati ya 166. Zile tatu za wikendi ile, na moja ya harusi ya binamu. Sigara 23 badala ya kama 1,660. Kama ingekuwa seva, asilimia 97.6 ya kuwa hewani ni aibu na mteja angeshanifukuza. Kwa mapafu nitaichukua.

Kama uliteleza jana usiku, hesabu siku zako zote, kisha chaji vepu yako. Mzee alikuwa na miezi minne. Laiti kuna mtu angemwambia bado ilikuwa yake.

Sehemu ya pili ya hifadhidata, wiki ijayo. Nikiahidi tena mnikumbushe.