Picha ya Mnyama ni Ushahidi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Neno hili la wahenga hunijia kila nionapo picha za wanyama wa porini zilizotundikwa madukani: simba yule yule juu ya jiwe, ndovu yule yule mbele ya Kilimanjaro. Aliyeanza alitaabika. Waliomfuata wamenakili tu.

Hata hivyo, kuiga ni kosa dogo. Kubwa ni kughushi. Mwezi wa Oktoba 2009, mashindano mashuhuri ya picha za wanyama ya Makumbusho ya Historia ya Asili huko London yalimpa ushindi José Luis Rodríguez wa Uhispania, kwa picha ya mbwa mwitu wa Ulaya akiruka lango usiku. Januari 2010 ushindi huo ukafutwa. Waamuzi walisema yaelekea sana mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Mwenyewe alikana. Mwaka 2018 mashindano hayo hayo yakaondoa picha nyingine ya ushindi, ya mnyama mla mchwa wa Brazil, kwa kuwa wataalamu waliona ni ngozi iliyokaushwa na kujazwa. Huyo naye alikana.

Wako watakaouliza: ikiwa picha inapendeza, dhara ni lipi? Dhara ni kwamba picha ya namna hii ni ushahidi. Mpigaji anatuambia, "Nilikuwapo, nikaona." Mchoraji ana ruhusa ya kubuni; shahidi hana.

Sisemi haya kwa kujitakasa. Nilipokuwa kijana nilimfunga kinyonga kwa uzi kwenye tawi la mkwaju, nikampiga picha kwa upande ambao uzi hauonekani. Watu wakanisifu, nami nikanyamaza nikazipokea sifa. Picha ile ningali nayo. Kila niitazamapo simwoni kinyonga, nauona uzi.

Baada ya miaka mingi nilikwenda msitu wa Arabuko-Sokoke kumtafuta njule, yule mwenye pua ndefu na manyoya ya dhahabu kwa nyuma. Ni mdogo kuliko sungura, huchakura wadudu kwenye majani makavu mchana, na akisikia kishindo hutimka. Nje ya mwambao wetu huu hapatikani. Siku tatu nilikaa chini nikiumwa na mbu, nisimwone. Siku ya nne akapita. Picha ilitoka na ukungu kidogo, lakini ndiyo niliyoitundika ukumbini kwangu, na mgeni akiniuliza naweza kumweleza habari yake yote bila kuficha neno.

Vijana wetu, siku hizi karibu kila mmoja wenu ana simu ya kupigia picha. Simba wa watalii wamekwisha pigwa picha vya kutosha. Nendeni Sokoke, nendeni Shimba mkamtazame palahala, kaeni kimya mngoje. Mkirudi mikono mitupu, kesho rudini tena. Lakini uzi uacheni nyumbani.