WALEZI WA WALIMU WA VYUO NA HAKI YAO

Kila ifikapo tarehe 1 Mei wafanyakazi wa Tanzania huandamana, hotuba husomwa, kisha huitwa mmoja mmoja wale waliochaguliwa kuwa wafanyakazi bora wa mwaka. Nani kati yetu asiyejua jinsi wengi wao wachaguliwavyo? Mwaka huu idara hii, mwakani idara ile. Fulani bado hajapata, basi naye apate. Nasi twapiga makofi. Sina ugomvi na bwana au bibi aliyepokea cheti na bahasha yake. Ugomvi wangu ni juu ya yule asiyetajwa siku hiyo wala siku nyingine yoyote, yaani mwalimu mkongwe wa chuo ambaye, juu ya kazi yake ya kufundisha, huwalea walimu wapya wa chuo hata wakawa walimu kweli.

Wasomaji wengine watauliza: je, mwalimu wa chuo naye ahitaji kulelewa? Si amekwisha kusoma? Naam, amesoma. Amepata shahada, tena kwa alama za juu, na kwa ajili ya alama hizo ameajiriwa. Walakini hapana aliyemfundisha namna ya kusimama mbele ya vijana mia tatu katika ukumbi ambao kipaza sauti chake kimekufa. Wala namna ya kutunga mtihani unaopima akili badala ya kumbukumbu. Wala namna ya kusahihisha karatasi ya mtoto wa mkubwa wake bila mkono kutetemeka. Wala namna ya kumwambia mwanafunzi kwamba insha yake haifai, pasipo kumvunja moyo asiandike tena. Katika vyuo vya ualimu jambo hili ni zito maradufu. Mkufunzi wa Butimba au Korogwe akifundisha vibaya, ubaya huo huchukuliwa na kila mwalimu aliyepita mikononi mwake hata ukafika darasa la kwanza katika kijiji ambacho yeye mwenyewe hajapata kukisikia.

Mambo hayo hayapatikani kitabuni. Hupatikana kwa mtu aliyeketi nyuma ya ukumbi saa nzima akisikiliza kimya, kisha akamwita kijana kando na kumwambia, "Pale ulipokasirikia swali, ulikuwa hujui jibu. Siku nyingine sema hujui." Saa hiyo moja yaweza kuokoa utumishi wa miaka thelathini. Lakini imeandikwa wapi? Katika ratiba haimo. Katika malipo haimo. Mlezi huitoa katika saa zake za kupumzika, na asipoitoa hapana atakayemwuliza.

Basi na tutazame jinsi vyeo vinavyotolewa. Katika vyuo vikuu vyetu mtu hupanda kutoka mhadhiri msaidizi hata profesa kwa kupimwa zaidi kwa maandishi aliyoyachapisha. Siyadharau maandishi, chuo kisichochunguza wala kuandika ni shule kubwa tu. Lakini fikirini watu wawili. Mmoja amefunga mlango wake miaka kumi, vijana wakibisha hajibu, naye ametoa makala kumi na tano. Wa pili mlango wake ulikuwa wazi, ametoa makala tano, na pia ametoa walimu sita ambao leo wafundisha vizuri, tena nao wameanza kuandika. Nani atapanda kwanza? Mnajua. Tena huyo wa kwanza akiisha kupanda hufanywa mkuu wa yule wa pili, akaandika ripoti kwamba bwana huyu hana bidii.

Haikuwa hivi sikuzote. Katika miaka ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, tangu 1963 hata 1970, jambo la kuwapata walimu wenyeji liliwekewa mpango na fedha. Rockefeller Foundation ililipia nafasi maalum za ualimu, ili kijana aliyerudi na shahada ya juu awe na mahali pa kuanzia kabla nafasi ya kudumu haijapatikana. Pale Dar es Salaam profesa wa kwanza wa historia alikuwa Terence Ranger, aliyefika 1963 baada ya kufukuzwa na serikali ya Rhodesia ya Kusini. Aliondoka 1969, na mwaka huohuo kilitoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na wenyeji wawili wa idara ileile, Isaria Kimambo na Arnold Temu. Miaka sita tu, na mgeni aliondoka pasipo idara kuanguka. Leo ni vyuo vingapi ambavyo mwalimu mmoja akistaafu, somo lake lote hustaafu pamoja naye?

Wapo wanaosema kwamba kulea ni wajibu, na kwa wajibu mtu hulipwa mshahara. Kuandika makala nako ni wajibu, mbona kuna cheo chake? Wengine hutukumbusha kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgema huyu hajasifiwa hata siku moja. Na tumsifu kwanza, ndipo tulionje tembo lake. Hoja yenye uzito ni moja tu: kwamba malezi hayapimiki. Ni kweli kuwa ni magumu kupima kuliko makala, maana makala huhesabika hata na mtu asiyeyasoma. Lakini serikali ya Marekani tangu 1996 imekuwa na tuzo ya Rais kwa walezi bora katika sayansi, hesabu na uhandisi. Waliweza kupima kwa sababu walitaka.

Nami sitaki tuzo ya kutundikwa ukutani. Nataka saa za kulea ziingizwe katika ratiba, na mlezi apunguziwe vipindi kwa kadiri yake. Nataka malezi yahesabiwe katika kupandishwa cheo, karatasi kwa karatasi, kama makala yahesabiwavyo. Mashahidi wawe wale waliolelewa, tena baada ya miaka mitano, wakiwa hawako tena chini ya mkono wake, wasije wakamsifu kwa hofu. Wakuu wa vyuo wasichaguane wao kwa wao. Nafasi hiyo wanazo nyingine tele.

Mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na wakufunzi wengi mahodari wamekwisha kuikaribia. Kamati za vyeo zitakapokutana tena, kabla ya kuhesabu makala ya mtu yeyote, na ziulize: ni nani afundishaye vizuri leo kwa sababu ya mtu huyu, naye yuko wapi, aitwe tumsikie?