TAHARIRI: Taa ya Saluni Nayo Ina Kipimo Chake

Ndugu msomaji, hapa Johannesburg kuna kioja ambacho sisi tuliotoka Afrika Mashariki tulichelewa kukizoea. Katika vitongoji vya kaskazini wapo Wazungu wanaolipa fedha walale ndani ya kitanda cha taa ili wapate weusi kidogo. Huku kwetu Yeoville dada zetu wanalipa fedha wapate weupe. Na jua lenyewe ni la bure, tena kali, maana mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari!

Ya mkorogo tuyaache kwa leo. Tuzungumze taa.

Vitanda hivyo hutoa miale ya urujuanimno, na rangi inayopatikana ni ngozi kujikinga baada ya kuumizwa. Mwaka 2009 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliviweka katika kundi moja na sigara, baada ya kuona kwamba anayeanza kuvitumia kabla ya miaka 30 huongeza kwa asilimia 75 hatari ya kupata melanoma, saratani mbaya ya ngozi. Brazil ilivipiga marufuku mwaka huo huo.

Utasema hayo ni ya Wazungu. Ngoja kwanza. Kile kiboksi cha kukaushia kucha za jeli pale saluni nacho mara nyingi hutoa miale ya ukoo huo huo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliimulika kwenye seli za maabara, na kwa dakika 20 tu sehemu ya seli hizo zikafa. Seli si mkono wa mtu, na ngozi yetu nyeusi inakinga kiasi. Lakini ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo. Na wanaomeza Septrin kila siku, au doksisaiklini ya kuzuia malaria wakienda nyumbani, ngozi zao huungua upesi zaidi. Nani saluni amewahi kuwauliza?

Taa nyekundu za infraredi ni jambo jingine. Hizo ni joto tu; hutuliza misuli, lakini hazitibu kila maradhi kama matangazo yanavyodai. Majira ya baridi jirani yetu mmoja kutoka Bukavu alinionyesha miundi yake, imejaa michoro ya kahawia kama wavu. Alidhani karogwa. Kumbe ni hita ya umeme, aliyoikumbatia kila jioni tangu Juni!

Hatusemi taa zote ni adui. Mdenmark Niels Finsen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na hadi leo hospitali hutibu mabaka meupe kwa miale teule ya urujuanimno. Ila huko daktari huhesabu dozi, mgonjwa huvaa miwani, na kuna faili lenye jina lake.

Tunachodai ni hicho hicho kwa saluni: asiyefika miaka 18 asilazwe kitandani, na mteja aulizwe dawa anazotumia kabla swichi haijawashwa. Nawe dada, ukienda kupaka kucha Jumamosi hii, beba glavu zilizokatwa ncha za vidole. Wakicheka, waache wacheke.