Eti sisi ni "wagumu kufikika"!

Leo sina stori za baridi wala za treni. Leo nina hasira, mnivumilie.

Huku Uingereza ukishafika miaka 50, NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, inakutumia kwa posta kipimo cha kansa ya utumbo mpana. Bure kabisa. Unachovya kijiti kwenye kinyesi chako, unakitia kwenye kichupa, unakirudisha kwa posta. Wao wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Kila miaka miwili hivyo, mpaka ufikishe 74. Faida yake? Kansa hii ikikutwa bado changa, watu kama 9 katika 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishasambaa mwilini, ni kama 1 tu katika 10.

Sasa sikilizeni. Majaribio yalianza mwaka 2000 huko Coventry na Warwickshire, si mbali na hapa Birmingham. Wenye asili ya Bara Hindi waliorudisha kipimo walikuwa kama theluthi moja tu. Wengine walikuwa kama 6 katika 10. Mpango wenyewe ukaanza 2006. Utafiti uliochapishwa 2011 ukaonyesha kwamba kwenye mitaa yenye mchanganyiko mkubwa wa watu, waliorudisha walikuwa asilimia 38. Kwingine ilikuwa zaidi ya nusu.

Mitaa hiyo ndiyo kama huu wetu wa Lozells. Pita Lozells Road utasikia Kibengali, Kipunjabi, Kisomali na lafudhi ya Jamaika.

Na wakubwa husemaje? Eti watu wa mitaa hii ni "wagumu kufikika". Eti mila. Eti aibu.

Mimi nakataa! Bili ya umeme inatufikia. Kodi ya halmashauri inatufikia, na ukichelewa kulipa, barua ya mahakama nayo inakufikia. Iweje kipimo tu ndicho kipotee njia?

Aibu ipo, sikatai. Lakini ni nani anayefurahia kushika kinyesi chake? Kipimo cha zamani kilitaka choo cha mara tatu, kwenye kadi. Mwaka 2019 kikaja hiki cha mara moja, na wanaorudisha wakaongezeka. Je, mila za watu zilibadilika mwaka ule? Kilichobadilika ni kipimo.

Tazameni Delaware, jimbo dogo la Marekani. Mwaka 2001 weusi waliokuwa wamepimwa walikuwa asilimia 48, weupe 58. Jimbo likaajiri watu wa kuwashika wananchi mkono, kuwaelekeza na kuwapangia miadi, na likawalipia wasio na bima, kipimo hadi matibabu. Mwaka 2009 weusi asilimia 74, weupe asilimia 74. Vifo vya weusi kwa kansa hii vikapungua kwa asilimia 42. Weusi ni wale wale, mila ni zile zile, miaka minane tu!

Kwa hiyo msituletee kipeperushi kingine. Leteni mtu. Mtu anayejua lugha ya bibi, ampigie simu, aende msikitini, kanisani, kwa kinyozi. Asiyetumiwa mtu haitwi mgumu kufikika. Huyo hajafuatwa.

Nanyi wa nyumbani mna kazi. Kila wiki mnawapigia simu wazee wetu walioko huku. Badala ya utani wa "wazungu sasa wanataka mpaka kinyesi", waulizeni: "Ile bahasha umeirudisha?" Swali la mtoto wa dada linashinda barua kumi za serikali.

Na huko ambako bahasha haiji: mtu akiona damu chooni, au choo kimebadilika wiki nyingi, asijitibu bawasiri kimya kimya. Aende hospitali. Hata wa huku mwenye dalili hizo asingoje bahasha.

Nimemaliza. Anayebisha, uwanja wa maoni uko hapo chini.