Kenya: Je, dosari katika hati ya kosa la barabarani humwokoa dereva mahakamani?

Dereva wa lori aliyevuka mpaka wa Malaba kuelekea Mombasa, akisimamishwa na polisi wa trafiki na kukabidhiwa hati ya kosa, huenda akaanza kwa kuitafuta dosari: herufi ya namba ya gari iliyokosewa, saa isiyo sahihi, jina lililoandikwa kivingine. Sheria ya Kenya haimpi matumaini makubwa kwamba dosari ya namna hiyo itaiangusha kesi.

Kifungu cha 214 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamruhusu hakimu kuagiza hati ya mashtaka irekebishwe kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Tofauti ya saa kati ya hati na ushahidi haihesabiwi kuwa jambo la msingi, ilimradi kesi ilifunguliwa ndani ya muda uliowekwa. Kifungu cha 382 nacho chaizuia mahakama ya rufaa kutengua hukumu kwa kasoro ya hati, isipokuwa kasoro hiyo iwe imesababisha haki kupotea, na chataka iangaliwe pia kama pingamizi lingeweza kutolewa mapema. Kwa hiyo dereva anayeificha dosari ili aitumie kwenye rufaa hujidhuru mwenyewe.

Hata hivyo, dosari hazilingani uzito. Ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina cha kutosha ili aweze kulijibu. Hati inayodai kwamba mtu aliendesha gari kwa hatari, pasipo kutaja mahali wala alichofanya, haijamweleza kitu. Namba ya gari iliyokosewa herufi moja ni jambo dogo ikiwa askari alimsimamisha dereva na kuiona leseni yake. Ni jambo kubwa mno ikiwa ushahidi pekee ni picha ya kamera, kwa maana hapo namba ndiyo inayomfunga mtu na kosa.

Linalosahaulika zaidi ni kinachofuata marekebisho. Hati ikibadilishwa, mahakama inalazimika kumsomea mshtakiwa shtaka upya na kumtaka alijibu, naye aweza kudai mashahidi waliokwisha kusikilizwa waitwe tena. Hakimu akizipuuza hatua hizi, mshtakiwa hupata hoja ya rufaa yenye nguvu kuliko kosa la kalamu la askari.

Tanzania nayo haiko mbali na msimamo huo: Mahakama ya Rufani imekwisha kukubali kwamba kasoro ya hati isiyomzuia mshtakiwa kulielewa shtaka yaweza kusamehewa.

Kwa madereva wa nchi jirani, tatizo kubwa ni muda. Mzigo unasubiriwa, kila siku ya kulala njiani ina gharama, na mahakama iko mbali na nyumbani. Wapo wanaokiri kosa na kulipa faini hata pale hati inapotia shaka, ingawa Katiba hiyohiyo inamhakikishia mkalimani bila malipo yule asiyeielewa lugha ya mahakama. Chini ya kifungu cha 348, aliyekiri kosa na kutiwa hatiani katika mahakama ya hakimu haruhusiwi kuikatia rufaa hatia hiyo. Kinachobaki ni kuhoji ukubwa au uhalali wa adhabu.